Asiyesema Naye Aulizwe

Mara nyingi mtoto mwenye usonji asiyesema hufikishwa mbele ya mtaalamu akaketishwa pale kama mzigo. Mtaalamu humwuliza mama, mama hujibu. Humwuliza baba, baba hujibu. Mpango wa matibabu huandikwa na kutiwa sahihi, na mwenye mwili wake hakuulizwa lolote.

Atajibu nini, ilhali hasemi? Swali hilo huulizwa hata na watu wenye elimu. Lakini kutosema si kukosa nia. Mtoto anayeusukuma mswaki, anayeziba masikio mashine ya kusaga inapoanza kunguruma, anayemshika mama mkono na kumpeleka penye mtungi, huyo amekwisha kusema. Tukimlazimisha akauma, twamwita mkaidi.

Njia za kumwuliza zipo. Mwaka 1985, katika jimbo la Delaware, Marekani, Andy Bondy na Lori Frost walianzisha utaratibu wa picha: mtoto humkabidhi mwenzake picha ya kitu anachokitaka, naye hupewa kitu hicho papo hapo. Njia nyingine haina gharama. Mwekee vitu viwili, tuseme mpira na ngoma, uone ataunyosha mkono wapi. Kisha vibadilishe pande na urudie siku nyingine, maana yawezekana anapenda upande wa kulia tu, wala hajachagua kitu. Akivipa mgongo vyote viwili, hilo nalo ni jibu, tena ndilo tunalolidharau zaidi.

Hapa pana mtego. Katika miaka ya 1990 wengi huko Marekani waliishangilia njia ya kumshika mkono asiyesema ili apige herufi kwenye mashine. Wachunguzi wakamwonyesha mshikaji picha moja na mshikwaji picha nyingine. Neno lililoandikwa likawa la picha aliyoiona mshikaji. Kumbe waliokuwa wakisema ni wasaidizi!

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, wampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu, na kusaidiwa kuyatoa. Basi mzazi, kabla ya siku ya kliniki, andika daftarini kwa wiki mbili: amekimbilia nini, amekimbia nini, saa ngapi, mbele ya nani. Daftari hilo lisomwe kwanza, kabla mtaalamu hajashika kalamu.