Lori likizimika mlimani: ni dizeli mbovu au ni filta?

Kila msimu wa ufuta na korosho, maswali ya wasikilizaji wetu wa Kiegei na vijiji jirani huja kwa zamu. Kwanza wanauliza bei ya mnada. Siku chache baadaye wanauliza kwa nini lori lililobeba magunia yao limelala njiani. Dereva anasema ameuziwa mafuta machafu. Mwenye sheli anasema gari ni bovu. Mkulima, ambaye mzigo wake haujafika ghalani na huenda ukakosa mnada wa RUNALI, hana wa kumdai.

Wengi bado wanalipima tatizo hili kwa kipimo cha mwaka 2010, wakati neno lilikuwa moja tu: uchakachuaji. Mafuta ya taa yalitozwa ushuru mdogo kuliko dizeli, hivyo aliyeyachanganya alipata faida kwa kila lita. Pampu za magari zikafa, maana mafuta ya taa ni mepesi na hayalainishi vyuma kama dizeli. Mwaka huohuo EWURA ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta. Bajeti ya 2011/12 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi kama 400 kwa lita, na tamaa ya kuchanganya ikapungua. Mwenye koroboi kijijini alilipia ujanja wa wengine, lakini hiyo ni mada ya siku nyingine.

Vinasaba vina kazi yake: vinaonyesha kama mafuta yamechanganywa na mengine au yamekwepa kodi. Havionyeshi maji, vumbi wala kutu. Sheli inaweza kufaulu kipimo cha vinasaba asubuhi, na jioni ikauza dizeli yenye maji yaliyokaa chini ya tangi lake. Kwa maoni yetu, huko ndiko shida ya vijijini ilipo leo.

Fuata safari ya dizeli yenyewe. Inashuka bandarini Mtwara, inapanda lori la tangi, inamwagwa kwenye tangi la sheli. Pale ambapo sheli iko mbali, inaingia tena kwenye pipa, kisha kwenye dumu lililowahi kubeba kitu kingine, ndipo inafika kwenye Fuso. Kila inapohamishwa inaokota uchafu. Hata tangi la lori lina lawama. Likilala nusu tupu, hewa iliyo ndani hupoa usiku na kutoa matone ya maji. Maji ni mazito kuliko dizeli, yanazama chini. Yakikaa muda mrefu, vijidudu huota pale yanapokutana na dizeli na kutengeneza utelezi mweusi unaoziba filta.

Dalili yake madereva wanaijua. Gari likiwa tupu linakwenda vizuri. Likipakia na kushika mlima linakosa nguvu, linakohoa, linazima. Ukisubiri kidogo linawaka, kisha linarudia. Hiyo mara nyingi ni filta ya dizeli iliyoziba. Moshi mweusi mzito ni habari nyingine: anza na filta ya hewa, hasa kwa barabara zetu za vumbi.

Kabla ya kumlaumu mtu, chukua chupa safi inayoonyesha ndani. Fungua nati ya chini ya tangi au ya kichujio cha maji, kinga dizeli kidogo, iache itulie. Maji yatajitenga chini. Dizeli yenye ukungu ina maji yaliyotawanyika ndani yake. Kisha pasua filta ya zamani. Utelezi mweusi unasema maji yamekaa siku nyingi, pengine ndani ya tangi lako mwenyewe. Filta mpya iliyojaa maji siku ileile ya kujaza mafuta inakurudisha kwa muuzaji.

Kuna tabia moja tunaichukia: kutoboa filta ili gari lifike. Litafika, lakini uchafu utapita hadi kwenye pampu na nozeli, na bei ya vitu hivyo kila mwenye lori anaifahamu. Kuosha filta ya karatasi kwa petroli nako ni kuichana.

Ukishuku mafuta, usimalize yote. Tunza risiti ya EFD na weka dizeli kwenye chupa mbili zilizofungwa, mbele ya shahidi. Malalamiko yanapelekwa EWURA, na baraza la watumiaji la EWURA CCC linaweza kukusaidia kuyaandika. Aliyenunua kwenye dumu bila risiti ataanza akiwa amekwishashindwa.

Bado mkulima. Makubaliano yake na mwenye lori mara nyingi ni ya mdomo: nauli kiasi gani, basi. Nani analipa lori likilala siku tatu na ufuta ukinyeshewa? Swali hilo liulizwe kwenye mkutano wa AMCOS kabla magunia hayajapakiwa, na jibu liandikwe.