NYUMBA NA RIZIKI: Stuli Tatu Ndani ya Moja

Katika kota za askari, sebule huwa ndogo na wageni huwa wengi. Jumapili jioni huja shemeji na wanawe, huja jirani wa mlango wa pili, huja na rafiki aliyehamishiwa kituo kingine ambaye hakutaka kupita bila kusalimu. Chai ikiwa tayari, mama mwenye nyumba huvuta stuli moja kutoka chini ya nyingine, kisha huvuta ya tatu kutoka chini ya hiyo ya pili, na kila mgeni akapata mahali pa kuweka kikombe chake. Wageni wakiisha kuaga, stuli zote hurudi ndani ya ile kubwa, na watoto wakapata nafasi ya kutandika godoro.

Chombo hiki si kigeni duniani. Mwaka 1803 Thomas Sheraton, bingwa wa michoro ya samani katika Uingereza, alionyesha katika kamusi yake ya useremala meza nne ndogo za kuvutana moja kutoka ndani ya nyingine. Miaka ya 1925 na 1926 Marcel Breuer, kijana mzaliwa wa Hungaria, alibuni stuli za bomba la chuma kwa ajili ya shule ya Bauhaus iliyokuwa katika mji wa Dessau, Ujerumani. Wanafunzi walizitumia kama viti katika chumba cha kulia, na baadaye zikauzwa kwa ukubwa mbalimbali, ziingiane ziwe meza.

Leo wanaozitaka si wenye kota peke yao. Mwenye hoteli, mwenye nyumba ya wageni, msimamizi wa mesi na mkuu wa ofisi, wote hupenda samani inayotandazwa mchana na kukusanywa usiku. Hata lori huzipenda, kwani seti 40, ambazo ni stuli 120, huchukua nafasi ya stuli 40 tu. Mnunuzi wa namna hiyo haagizi seti moja. Huagiza 20, au 40, au 100, na hutaka zote zifanane.

Hapo ndipo mlango wa riziki unapofunguka kwa jamaa za askari. Mstaafu aliyepokea kiinua mgongo chake, au chama cha akina mama wa kambi kilichoweka akiba, huweza kupokea agizo kama hilo hata kama hakuna miongoni mwao ajuaye kushika randa. Kazi ya kuchora hupewa mchoraji, kazi ya kuunda hupewa karakana, na mwenye agizo husimama katikati kama kiongozi. Hakuna aibu katika jambo hilo. Breuer mwenyewe alikuwa mbunifu, na tangu mwisho wa miaka ya 1920 samani zake za chuma ziliundwa na kuuzwa na kampuni ya Thonet, yenye asili yake katika useremala wa Michael Thonet.

Lakini yuko mtu adhaniaye kwamba kazi ikishatolewa kwa mwingine, mzigo nao umetoka kichwani pake. Hilo ni kosa, na hakuna samani inayolifichua kosa hilo upesi kama stuli za kuingiana.

Na uchukuliwe mfano wa sajini mmoja mstaafu. Amepata agizo la seti 40 kutoka kwa mwenye nyumba ya wageni, na muda aliopewa ni miezi miwili. Kwa kutaka kuwahi, anaigawa kazi kwa karakana tatu: ya kwanza iunde stuli kubwa, ya pili stuli za kati, ya tatu stuli ndogo. Anawaambia kwa mdomo: kubwa iwe na urefu wa sentimita 60, ya kati 50, ndogo 40. Anatoa fedha yote ya kwanza kutoka katika kiinua mgongo chake, anapeana nao mikono, anarudi nyumbani akiwa na furaha.

Siku ya kukusanya kazi, stuli zote 120 zimepangwa uani. Mbao ni nzuri na vanishi inang'aa. Sajini anaisukuma stuli ya kati ndani ya kubwa, inagoma mlangoni. Anajaribu nyingine, nayo inagoma. Fundi wa kwanza alipata mbao nene, akaiacha miguu iwe na unene wa sentimita 5 badala ya 4, akidhani kwamba anamfanyia mteja hisani. Urefu wa nje ni 60 kama alivyoagizwa, lakini nafasi ya ndani imebaki 50, na stuli ya kati ina 50 kamili.

«Afande, stuli zangu zina kasoro gani?» auliza fundi wa kwanza.

«Hazina kasoro.»

«Na zangu?» auliza wa pili.

«Zako pia hazina.»

Jioni mkewe amletea maji ya kunywa, aketi karibu naye. «Baba watoto,» amwambia, «uliwaandikia unene wa miguu?» Sajini hana jibu. Kila fundi ametimiza alichoambiwa, kila stuli ni njema ikisimama peke yake, na hata seti moja haikupatikana. Fedha iliyolala pale uani ndiyo ilikuwa karo ya watoto na bati za nyumba ya kijijini.

Askari anapaswa kulielewa jambo hili kuliko mtu mwingine. Magazini ya bunduki moja huingia katika bunduki nyingine ya aina ile ile, ijapokuwa zilitoka kiwandani kwa siku mbalimbali na mikononi mwa watu mbalimbali. Haiwi hivyo kwa bahati. Kila kiungo kilipimwa kwa kipimo kimoja kilichoandikwa kabla ya chuma kukatwa. Stuli za hoteli nazo zataka nidhamu hiyo hiyo, kwa sababu mfagizi wa usiku hataangalia ni ndogo ipi iliyokuja na kubwa ipi. Kila ndogo lazima iingie katika kila ya kati, na kila ya kati katika kila kubwa.

Basi jambo la kwanza ni mchoro wenye tarakimu zote. Kwa seti ya kawaida, stuli kubwa yaweza kuwa na urefu wa sentimita 60, upana 40, na kimo 50. Miguu ikiwa na unene wa sentimita 4, nafasi ya ndani ni 52. Stuli ya kati ya urefu wa 50 hupita kwa uwazi wa sentimita 1 kila upande. Ndani ya ya kati nafasi ni 42, na ndogo ya 40 hupita vivyo hivyo. Kwa kimo, ubao wa juu ukiwa na unene wa sentimita 2, na chini yake kipo kipande chembamba cha mbele cha sentimita 2, ukiongeza uwazi wa 1, stuli ya kati huwa na kimo cha 45 na ndogo 40. Kwa upana, kipande cha nyuma cha sentimita 2 na uwazi wa 1 hufanya ya kati iwe 37 na ndogo 34. Mbele, baina ya miguu karibu na sakafu, pasiwekwe ubao wowote, maana huo ndio mlango wenyewe.

Mchoro huo husaidia pia hesabu ya mbao. Juu za stuli tatu hizo, zikijumlishwa, huwa sentimita za mraba 5,610. Kwa seti 40 ni kiasi cha mita za mraba 22 na nusu, na ikiongezwa sehemu ya tano kwa ajili ya vipande vinavyotupwa, hufika mita 27. Mtu aliyekwisha kupiga hesabu hiyo hawezi kudanganywa kwa urahisi na muuza mbao.

Jambo la pili ni mbao zenyewe. Katika Uganda mvule husifiwa kwa ugumu na kwa kustahimili mchwa, lakini ni ghali na miti yake imepungua. Mugavu una rangi ya kupendeza na nguvu ya kutosha. Musizi hukua upesi na ni mwepesi, ila huliwa na wadudu usipotiwa dawa. Mti wowote uchaguliwao, ulio mbichi hautafaa. Mbao zikauke zikiwa zimepangwa kivulini penye upepo, zikitenganishwa kwa vijiti, na kazi hiyo ni ya miezi, si ya majuma. Ubao mbichi ukikauka hunywea kwa upana na kujipinda, na mguu uliojipinda huula ule uwazi wa sentimita 1 mpaka stuli ikwame.

Mama wa nyumbani aweza kuupima ukavu huo kwa mizani na oveni. Kipande kidogo hupimwa, hukaushwa polepole kwa joto lisilokiunguza mpaka uzito wake usibadilike, kisha hupimwa tena. Kilichokuwa gramu 112 kikibaki 100, unyevu wake ulikuwa asilimia 12, nao wafaa kwa samani za ndani ya nyumba. Kilichokuwa gramu 140 kikibaki 100, unyevu ulikuwa asilimia 40, na mbao hizo zirudishwe kwa mwenyewe.

Jambo la tatu ni sampuli. Kabla ya seti 40 iundwe seti moja, mnunuzi aione, aivute, aikalie kwa kiwiko, amwagie maji na chai ya moto juu ya vanishi. Akiridhika aitie sahihi chini yake kwa kalamu isiyofutika, nayo ikae kwa mwenye agizo mpaka siku ya mwisho. Kutokana nayo fundi akate violezo vya plaiwudi: kimoja cha unene wa mguu, kimoja cha nafasi ya ndani, kimoja cha kimo. Karakana zikiwa tatu, violezo viwe vya namna moja katika zote tatu. Futi za kupimia hutofautiana na macho ya watu hutofautiana. Kiolezo ni shahidi asiyesema uongo.

Jambo la nne ni karatasi. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mkataba useme idadi, vipimo, aina ya mbao, siku ya kukabidhi, na nani atakayegharimia stuli isiyoingia. Fedha isitolewe yote kwa mkupuo. Sehemu ya kwanza ni ya kununulia mbao, ya pili hutolewa nusu ya kazi ikiwa imekaguliwa, na sehemu iliyo nono hubaki mpaka stuli zote zimeingiana mbele ya macho ya mwenye agizo. Anayetaka kuuzia ofisi za serikali anahitaji karatasi hizo zaidi, kwa kuwa sheria ya Uganda ya ununuzi wa umma, ya mwaka 2003, imeweka mashindano ya wazi kuwa njia ya kawaida, na muuzaji asiye na maandishi hushindwa hata kabla ya bei yake kusomwa.

Mkataba huo useme tena kwamba mchoro ni mali ya nani. Watu wengi hulisahau jambo hili kwa kuwa mchoro ni karatasi tu. Katika Ujerumani, Anton Lorenz aliyekuwa na mkataba na mbunifu Mart Stam alishitakiana na kampuni ya Thonet juu ya kiti cha bomba la chuma kisicho na miguu ya nyuma. Kesi ilidumu miaka, na mwaka 1932 mahakama ya juu ya nchi hiyo iliamua kwamba haki ya ubunifu wa kiti hicho ilikuwa ya Stam. Ikiwa kampuni kubwa namna hiyo iliweza kupoteza haki ya kiti, chama cha akina mama chaweza kuikuta stuli yake ikiuzwa barabarani na fundi yule yule waliyempa kazi.

Jambo la mwisho ni ukaguzi, nao haungoji siku ya mwisho. Mwenye agizo afike karakana kila juma, akiwa na violezo mkononi, aingize na kuchomoa. Fundi mwema hachukizwi na mteja wa namna hiyo, bali humheshimu, maana kosa lililoonekana katika stuli ya tatu hurekebishwa kwa randa, na lililoonekana katika stuli ya mia na ishirini hurekebishwa kwa machozi.

Yule sajini wa mfano hakukosa bidii, wala mafundi wake hawakukosa ustadi. Kilichokosekana ni sentimita 1 katika kila mguu, ambayo hakuna aliyeiandika. Askari hukabidhi zamu kwa mwenzake kwa kitabu, na kila kitu kilichoandikwa humo huhesabiwa mbele ya wote wawili. Akivua sare na kuingia katika biashara, na akabidhi kazi zake kwa desturi hiyo hiyo aliyofunzwa lindoni.