Chet Si Machi

Imekuwa ada ya watungaji wa vijitabu vya kufunzia lugha kuanza na salamu, wakafuatisha hesabu, kisha ukaja ukurasa wa siku na miezi. Aghalabu huo ndio ukurasa mwepesi kuliko yote: safu mbili, Kiingereza upande mmoja na lugha inayofunzwa upande wa pili. Mwanafunzi hukariri, hutahiniwa, hupewa alama zake, akafunua ukurasa unaofuata. Katika lugha nyingi madhara yake si makubwa. Katika Kipanjabi ukurasa huo husema uwongo, na wanaodanganywa ni watoto wa Wapanjabi wenyewe, waliozaliwa Southall na Brampton na Nairobi, ambao hawana kitabu kingine cha kusahihishia hicho.

Chet hutajwa kuwa ni Machi. Vaisakh hufanywa Aprili, Jeth Mei, Harh Juni, Savan Julai, zikafuata Bhadon, Assu, Katak, Maghar, Poh na Magh, hadi Phaggan, ambao hubandikwa Februari. Kumi na mbili kwa kumi na mbili, mizani imelingana na mtungaji amepumzika. Lakini Chet huanza katikati ya Machi ukaishia katikati ya Aprili, na kila mwezi baada yake hupanda migongo miwili vivyo hivyo. Aliyealikwa harusi ya tarehe 5 Savan, akashika kijitabu chake na kwenda tarehe 5 Julai, atawasili wiki mbili kabla ya mpishi.

Mswahili asiyeona ubaya wa jambo hili na ajiulize angelisema nini lau kitabu cha Kiswahili kingeliandika kwamba Mfungo Mosi ni Januari. Angelicheka, kisha angelikasirika. Mfungo Mosi ni mwezi unaofuata Ramadhani, na jina lake halina maana pasipo Ramadhani. Tena, yule yule anayehesabu Mfungo Mosi hadi Mfungo Tisa kwa mwandamo, alikuwa na hesabu nyingine ya jua iliyoanzia Nairuzi, ikagawa mwaka kwa miongo ya siku kumi kumi, kwa ajili ya bahari na shamba. Na juu ya hizo mbili ana Januari yake ya ofisini. Kalenda tatu katika kichwa kimoja, wala hazigombani. Mpanjabi naye ana yake ya ofisini: husema janvari, farvari, march, kwa matamshi yake, na hiyo ndiyo iliyoandikwa kwenye risiti na tiketi. Hiyo ndiyo tafsiri ya Januari. Ifunzwe kwa dakika tano na imalizwe. Chet na wenziwe ni somo jingine kabisa, na kosa la vijitabu ni kulichukua somo hilo la pili kulijibia swali la kwanza.

Wako wasemao kwamba mtoto wa ughaibuni hahitaji miezi ya wakulima. Anahitaji kujua lini ana miadi ya daktari wa meno. Hoja hiyo ingelikuwa na mashiko lau miezi hiyo ingelikuwa ya wakulima peke yao. Si hivyo. Kipanjabi ni miongoni mwa lugha zilizoifanya kalenda kuwa bahari ya ushairi, kwa maana ile ile ambayo washairi wa pwani husema bahari ya utenzi au bahari ya shairi. Iko barahmaha, utungo wa miezi kumi na miwili, ambamo aghalabu mwanamke aliyeachwa na mpenziwe husimulia hali yake mwezi baada ya mwezi. Uko utungo wa siku za juma. Uko hata utungo wa siku za mwandamo, beti zikifuata mwezi kukua na kupungua. Ndani ya Guru Granth Sahib, kitabu kitakatifu cha Masikh, ndio hao Makalasinga wa mazungumzo ya pwani, zimo barahmaha mbili: moja ya Guru Nanak, aliyezaliwa mwaka 1469, na nyingine ya Guru Arjan, aliyefariki mwaka 1606. Humo mpenzi aliye mbali ni Mwenyezi Mungu, na anayengoja ni roho ya mja. Wala hii si mali ya dini moja. Bulleh Shah, Mwislamu na sufi aliyezikwa Kasur, naye alitunga barahmaha, na akatunga Athvara, utungo wa siku za wiki. Wakulima Waislamu wa Panjab ya Pakistan huitumia miezi hiyo hiyo kujua lini wapande ngano na lini wavune.

Sasa mtoto aliyekaririshwa kwamba Savan ni Julai atausomaje ubeti wa Savan? Savan ni mvua. Ni mwezi ambao, baada ya joto la Jeth na Harh linalopasua ardhi, mawingu hufika, wasichana hufunga bembea mitini, na mke ambaye mumewe yuko safarini huona kila tone ni shutuma. Neno lenyewe lina maji. Julai ya London ni likizo ya skuli.

Msomaji wa pwani, kwa hakika, ana haki ya kulielewa neno hili kuliko mtungaji wa kijitabu aliyeko Ulaya. Kusi inayovuma hapa katikati ya mwaka ni sehemu ya mfumo ule ule wa pepo unaovuka ikweta, ukapinda kuelekea Bara Hindi na kumwaga mvua huko hadi Panjab. Manahodha walijua jambo hilo kabla ya wataalamu wa hali ya hewa kulipa jina. Na kati ya mwaka 1896 na 1901, reli ilipokuwa ikijengwa kutoka Mombasa hadi ziwani, waliletwa vibarua karibu 32,000 kutoka Bara Hindi, wengi wao Wapanjabi. Walikuja na hesabu hii vichwani. Waliingia katika nchi ambayo Savan wake hauna mvua na Poh wake hauna baridi, na wakaendelea kuitaja miezi kwa majina yake.

Siku za wiki nazo zina mashaka yao. Vijitabu vingi hutoa orodha moja: Somvar, Mangalvar, Buddhvar, Virvar, Shukkarvar, Shanicharvar, Aitvar. Ni sahihi, kwa Amritsar. Ng'ambo ya mpaka uliochorwa mwaka 1947, huko Lahore, Jumatatu huitwa pia Pir, Alhamisi ni Jumerat, Ijumaa ni Jumma, na Jumamosi ni Hafta. Wasemaji wa Kipanjabi walio wengi wanaishi upande huo wa pili, na kijitabu kimewafuta kwa ukurasa mmoja. Aliyefunzwa kwa utaratibu huu hukutana na Mpanjabi wa Lahore mtaani akadhani anasikia lugha nyingine.

Laiti wangelieleza walau maana! Mwenye kujua falaki ya kale ya pwani hahitaji kufafanuliwa kwamba siku ya Mangal ni ya Mirihi, ya Buddh ni ya Utaridi, ya Shukkar ni ya Zuhura na ya Shanichar ni ya Zohali. Na Jumerat ni nini kama si usiku wa Ijumaa, kwa hesabu ile ile ambayo kwayo, visiwani, jua la Alhamisi likishatua Ijumaa imekwishaingia?

Limebaki neno kal. Kal ni jana. Kal ni kesho. Parson ni juzi, na parson ni kesho kutwa. Kitenzi ndicho kitakachoamua kama siku hiyo imepita au inakuja. Vijitabu huliweka neno hili chini ya ukurasa pamoja na onyo, kana kwamba lugha imefanya kosa la kuombewa radhi. Mswahili, ambaye baada ya kesho kutwa bado ana mtondo na mtondogoo, anaweza kuona hapa umaskini. Asikimbilie kuhukumu. Lugha hii huzipima siku kwa umbali wake na leo, ikamwachia kitenzi kazi ya kuelekeza, na mshairi anayemngoja mtu asiyejulikana kama alikwishapita au bado yuko njiani amepewa neno lililo tayari.

Mwenye kudhani kwamba haya ni mapambo ya washairi na atazame ugomvi wa kalenda. Mwaka 2003 baraza linalosimamia gurdwara za Panjab, lenye makao Amritsar, lilipitisha kalenda ya Nanakshahi iliyobuniwa na Pal Singh Purewal wa Canada. Miaka yake huhesabiwa tangu 1469, na Chet wake hufungua mwaka tarehe 14 Machi daima, ili miezi isiendelee kuteleza kidogo kidogo dhidi ya majira kama ifanyavyo katika hesabu ya kale ya Bikrami. Mwaka 2010 kalenda hiyo ilibadilishwa, siku za kuanza miezi zikarudishwa kwenye hesabu ya kale. Wengine walifuata, wengine walikataa, na mgawanyiko huo haukuisha. Watu hawatengani kwa sababu ya lakabu ya Machi.

Siku ya kwanza ya kila mwezi huitwa sangrand. Siku hiyo katika gurdwara, ziwe za Amritsar au za Nairobi, husomwa ubeti wa mwezi unaoingia kutoka barahmaha ya Guru Arjan. Mtoto aliyefuzu mtihani wa kijitabu huketi miongoni mwa wazee tarehe 16 Julai, asikie jina la Savan, akadhani mwezi umekwishafika nusu, ilhali msomaji ndiyo kwanza anaufungua.