Kifurushi Kisichokuwepo: Matapeli Wanavyojificha Nyuma ya Jina la Posta na Forodha

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Ujumbe huingia kwenye simu ukiwa na maneno machache: kifurushi kimefika, anwani haijakamilika, lipa gharama ndogo leo au mzigo utarejeshwa ulikotoka. Chini yake kuna kiungo cha kubofya au namba ya kutumia fedha. Kwa mwananchi ambaye kweli ameagiza bidhaa mtandaoni, ujumbe huo hautii shaka, na hapo ndipo ilipo nguvu ya utapeli wa aina hii.

Mzigo unaoagizwa kutoka nje hupita kwa muuzaji, msafirishaji, wakala wa forodha na mtu wa kuufikisha mlangoni. Kila mmoja anaweza kuwa na dai halali la malipo. Mnunuzi huzoea kulipa watu asiowafahamu, na tapeli hujipenyeza katika mazoea hayo.

Utapeli huu huja kwa sura kuu tatu. Ya kwanza ni kiungo kinachompeleka mwananchi kwenye tovuti bandia yenye nembo ya posta au kampuni ya usafirishaji. Fedha inayodaiwa huwa ndogo kwa makusudi, kwa kuwa kinachotafutwa si kiasi hicho bali namba ya kadi ya benki, namba ya siri na nywila ya mara moja.

Sura ya pili ni zawadi kutoka ughaibuni. Rafiki aliyepatikana mtandaoni husema ametuma dhahabu, simu au fedha za kigeni. Baada ya siku chache, mtu anayejitambulisha kuwa ofisa wa forodha katika uwanja wa ndege hupiga simu kudai ushuru. Ukilipwa, huzuka faini. Ikilipwa, huzuka gharama za cheti. Madai hayaishi hadi mlengwa aishiwe au ashtuke.

Sura ya tatu ni ya hapa nyumbani: muuzaji wa mtandaoni hutuma picha ya stakabadhi ya basi, akidai mzigo uko njiani na salio lilipwe mara moja. Mnunuzi akifika stendi, hakuna mzigo.

Ugumu uliopo ni kwamba bidhaa zinazotoka nje hutozwa kodi na ushuru kwa mujibu wa sheria, hivyo si kila dai la malipo ni la uongo. Anayepuuza kila ujumbe anaweza kuchelewesha mzigo wake halali. Busara ni kuchunguza njia ya malipo kabla ya kutazama kiasi.

Malipo ya Serikali, yakiwemo yanayokusanywa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), hufanyika kwa kumbukumbu namba ya malipo inayotolewa na mfumo rasmi, wala si kwa kutuma fedha kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Anayedai ushuru kwa namba yenye jina la mtu amejitambulisha mwenyewe kuwa si ofisa halali.

Kipimo kingine ni namba ya ufuatiliaji. Kwa viwango vya Umoja wa Posta Duniani, kifurushi cha posta kinachofuatiliwa kimataifa huwa na utambulisho wa herufi na tarakimu 13: herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi kilikotoka. Kampuni binafsi zina mifumo yao. Kwa kuwa namba yoyote inaweza kubuniwa, mpokeaji aihakiki kwa kuandika mwenyewe anwani ya tovuti ya msafirishaji au kwa kufika ofisini, asipitie kiungo alichotumiwa.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatambua udanganyifu wa kimtandao na kujifanya mtu mwingine kuwa ni makosa ya jinai. Hata hivyo, sheria huhitaji taarifa na ushahidi, na wengi waliotapeliwa hunyamaza kwa aibu. Ukimya huo humwachia tapeli namba ileile ya kumwibia mtu mwingine.

Usajili wa laini kwa alama za vidole umesaidia kuzihusisha namba na wamiliki, lakini mhalifu anaweza kutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu asiye na habari. Kwa sababu hiyo, kupiga *106# ili kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako ni kujilinda na kuwalinda wengine.

Aliyekwisha kutuma fedha awasiliane mara moja na mtandao wake wa simu au benki kuomba muamala uzuiwe, abadili namba ya siri, ahifadhi ujumbe wote na kutoa taarifa kituo cha Polisi. Namba zinazotumika kutapeli huripotiwa kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, utaratibu uliowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).

Silaha kuu ya tapeli ni haraka. Kifurushi halali kina stakabadhi, kina ofisi kilipohifadhiwa, na mwenye nacho anaweza kwenda kukiulizia. Mwananchi anayeambiwa alipe ndani ya saa moja anayo haki ya kuuliza kwanza: niliagiza nini, kwa nani, na mzigo wangu uko ofisi gani?