Wi-Fi ya ploti: Ufunguo wa keja umemwachia nani?

Hebu jiulize swali moja kabla ya kuendelea: ni watu wangapi wanaojua paswadi ya Wi-Fi yako? Hesabu polepole. Kuna fundi aliyekuja kuifunga. Kuna jirani wa mlango wa pili mnayechanga naye bili. Kuna binamu aliyelala kwako wikendi moja, mpenzi mliyeachana mwaka jana, keateka wa ploti, na yule kijana wa orofa ya juu anayecheza gemu usiku kucha. Kama umepoteza hesabu, haya yanakuhusu.

Kuanzia Roysambu na Pipeline hadi Bamburi na Kondele, intaneti ya nyumbani si anasa tena. Ndiyo darasa la mwanachuo, ofisi ya anayesaka riziki mtandaoni na televisheni ya wengi wetu. Bili yake ya kila mwezi si mchezo, ndiyo maana majirani watatu au wanne huungana kuilipa. Hatuna shida na hilo. Kwenye ploti tunaazimana chumvi, jiko na chaja. Kumnyima jirani Wi-Fi ukiwa nayo huonekana roho mbaya. Shida ni namna tunavyoigawa. Kumpa mtu intaneti ni kitu kimoja, kumkabidhi ufunguo wa nyumba ni kingine, na wengi wetu hatujui tofauti.

Tuanze kwa kuondoa hofu zisizo na msingi, maana mtaani porojo ni nyingi. Jirani akiwa kwenye Wi-Fi yako hawezi kusoma PIN yako ya M-Pesa hewani. Unapotuma pesa kupitia menyu ya laini, ujumbe hupita kwenye mtandao wa simu, haugusi ruta hata kidogo. Programu za benki na tovuti nyingi siku hizi nazo huifunga data kwa msimbo kabla ya kuituma, hivyo anayechungulia huona mafumbo matupu. Anayekutisha kwamba pesa zitaruka kwenye akaunti eti kwa sababu jirani anatazama YouTube kwa Wi-Fi yako anakuchezea akili.

Hatari yenyewe iko kwingine. Ya kwanza ni jina. Laini ya intaneti imesajiliwa kwa jina lako. Mtu akitumia Wi-Fi yako kulaghai watu, kuingilia akaunti za wenyewe au kusambaza picha za faragha za msichana fulani, alama inayobaki mtandaoni ni anwani ya laini yako. Upelelezi ukianza, unaweza kuanzia mlangoni kwako. Utajieleza, pengine utaeleweka, lakini huenda simu na kipakatalishi chako vikawa vimeshabebwa kama ushahidi.

Ya pili ni vifaa. Runinga, kamera ya usalama, printa, folda uliyofungua ili mhamishiane filamu: vyote hukaa kwenye mtandao mmoja wa ndani. Aliye kwenye Wi-Fi ni kama mtu aliyekwisha kuingia sebuleni. Bado hajafungua kabati, lakini analiona.

Ya tatu, na mbaya kuliko zote, ni ruta yenyewe. Wengi hawajui kwamba ruta ina paswadi mbili. Moja ni ya kuingia kwenye Wi-Fi. Nyingine ni ya kuingia kwenye mipangilio ya ruta, na mara nyingi jina ni 'admin' na paswadi ni 'admin', vile vilivyotoka kiwandani. Aliye na ya kwanza akikisia ya pili, anaweza kubadilisha mahali ambapo ruta huuliza njia ya kufika kwenye tovuti. Wewe unaandika jina la benki yako, unapelekwa kwenye ukurasa bandia. Brauza inaweza kukuonya, ndio, lakini ni wangapi kati yetu husoma onyo kabla ya kubonyeza 'endelea'?

Usiseme hayo ni ya sinema. Mnamo 2016, programu hasidi iitwayo Mirai ilizunguka intaneti ikijaribu takriban majina na paswadi 60 za kiwandani kwenye kamera na ruta za watu. Haikuhitaji ujanja mkubwa zaidi ya huo. Ilinasa mamia ya maelfu ya vifaa, na Oktoba 21 mwaka huo vifaa vya aina hiyo vikatumiwa kuilemea kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikielekeza watu kwenye tovuti nyingi kubwa. Twitter, Netflix na Reddit zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa kwa watumiaji wengi Marekani. Watatu waliokiri mahakamani kuiunda Mirai walikuwa na umri wa miaka 20 na 21. Rika lako. Na wenye kamera na ruta hizo walikuwa wamekaa tu nyumbani, hawana habari.

Kwa hivyo ile kauli ya "mimi sina kitu cha kuibwa" haina mashiko. Mwizi wa mtandaoni si lazima atake kitu chako. Anaweza kutaka tu kupitia kwako.

Sasa tuje kwenye paswadi yenyewe. Wakenya wengi huweka nambari ya simu. Rahisi kukumbuka, ndefu, inaonekana salama. Si salama. Mdukuzi hahitaji kusimama mlangoni akijaribu moja moja. Ananasa ile sekunde simu yako inapojiunga na Wi-Fi, kisha anaenda kukisia akiwa kwake. Nambari inayoanza na 07 imebakisha tarakimu nane tu, yaani uwezekano milioni 100. Kompyuta yenye kadi nzuri ya gemu hujaribu mamia ya maelfu ya paswadi za Wi-Fi kila sekunde. Piga hesabu mwenyewe: ni dakika chache tu, hata chai haijaiva.

Dawa si kuweka alama za ajabu utakazosahau kesho. Chagua maneno manne au matano yasiyohusiana, yaunganishe. Sufuria, Jumanne, kifaru, mwavuli, daraja. Usitumie hayo, yameshachapishwa. Tafuta yako. Kiswahili kina maneno tele, na programu nyingi za wadukuzi huanza kwa kukisia ya Kiingereza.

Kisha ingia kwenye ruta. Igeuze usome kibandiko kilicho chini yake. Utaona anwani kama 192.168.1.1 au 192.168.100.1. Iandike kwenye brauza ya simu ukiwa umeunganishwa na Wi-Fi. Ukifika ndani, fanya mambo manne. Badilisha ile paswadi ya 'admin'. Kwenye usalama wa Wi-Fi, chagua WPA3 kama vifaa vyako vinaikubali, la sivyo WPA2. Ukikuta WEP, itoe leo, maana ilivunjwa tangu 2001. Zima WPS, ile njia ya kuunganisha kwa nambari nane. Mwaka 2011 ilibainika kwamba ruta hukagua nambari hizo kwa vipande viwili, hivyo mdukuzi anahitaji kujaribu mara 11,000 tu hivi badala ya mamilioni. Mwisho, angalia kama kuna toleo jipya la programu ya ruta, ulipakue.

Na jirani je? Ruta nyingi za sasa zina mtandao wa wageni. Uwashe, uupe jina na paswadi yake. Jirani atapata intaneti yake kama kawaida, lakini hataiona runinga yako wala hatafika kwenye mipangilio. Mkikosana au akihama, unabadilisha paswadi ya wageni bila kusumbua vifaa vyako. Hilo si roho mbaya. Hata mgeni unayempenda humkaribishi kwa kumpa ufunguo wa chumba cha kulala. Ila kumbuka, mtandao wa wageni hauondoi jina lako kwenye laini, kwa hivyo mpe unayemwamini.

Nawe unayetumia Wi-Fi ya wenyewe kwa kukisia paswadi, usijifanye hujaguswa. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018 inasema kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini ni kosa, na adhabu yake ni faini isiyozidi Sh5 milioni, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Hiyo ni bei ghali sana kwa sababu ya bando la wikendi. Kubisha mlango na kuomba ni bure.

Lakini itakuwa uonevu kumwachia kijana wa bedsita mzigo wote. Kampuni za intaneti ndizo zinazoleta ruta. Fundi wao huifunga kwa nusu saa, huandika paswadi aliyoichagua yeye, hupiga picha kibandiko, kisha huondoka bila kumwambia mteja kwamba kuna paswadi ya pili. Mteja analipa kila mwezi kwa mlango ambao hajui una kufuli ngapi. Kampuni zinafaa kuleta kila ruta ikiwa na paswadi zake za kipekee, WPS ikiwa imezimwa, na fundi atumie dakika tano kumwonyesha mwenye nyumba jinsi ya kuzibadilisha.

Si ndoto. Jimbo la California lilianza kudai hilo kwa vifaa vinavyounganishwa na intaneti Januari 1, 2020. Uingereza nayo ilipiga marufuku paswadi za kiwandani zinazofanana kuanzia Aprili 29, 2024. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya tayari hukagua na kuidhinisha vifaa vya mawasiliano vinavyoingia nchini. Inafaa kuhakikisha kwamba ruta ya 'admin' kwa 'admin' haipiti hapo.

Hadi siku hiyo ifike, ulinzi uko mikononi mwako. Ni kazi ya dakika kumi na tano, haihitaji kozi wala pesa. Ifanye jioni hii, kisha mfundishe jirani. Na fundi akija mara nyingine, usimruhusu atoke kabla hujamuuliza: "Boss, ile paswadi ya pili iko wapi?"