Vito vya bibi visiuzwe kama chuma chakavu

Kila ifikapo Januari, wakati sare, madaftari na michango ya shule vinadaiwa kwa pamoja na mahindi ya vuli bado yako shambani, masonara wa Tanga hupata wageni wengi. Wanatoka Muheza, Pangani, Mkinga na hata Lushoto. Mama hufungua pindo la kanga, akatoa hereni, bangili au bizimu la kifuani lililoachwa na marehemu bibi. Sonara hulipindua mara moja, akang'oa jiwe kwa ncha ya kisu, akaweka dhahabu kwenye mizani na kutaja bei. Jiwe hubaki juu ya meza. Mara nyingi mwenye mali haliulizii, na sonara halitaji.

Hapo ndipo hasara inapoanzia. Si haki kumwita kila sonara mwizi. Yeye ananunua dhahabu ya kuyeyusha ili atengeneze kitu kingine, na jiwe asilolijua halimsaidii kitu. Bei anayotaja ni bei ya malighafi. Tatizo ni kwamba muuzaji anadhani hiyo ndiyo bei ya kito chake, wakati ni bei ya sehemu moja tu ya kito hicho, na pengine si sehemu iliyo ghali zaidi.

Wakulima wa mkoa huu wanaijua hasara ya aina hii kuliko watu wengi. Anayeuza machungwa yakiwa bado juu ya mti, au viazi kwa gunia la lumbesa, anajua maana ya kuuza kitu bila kukijua kipimo chake. Kwa mazao kelele zimepigwa miaka mingi. Kwa vito hakuna anayepiga kelele, kwa sababu vito huuzwa kimya kimya, mara nyingi kwa aibu, na muuzaji hatamani jirani ajue.

Jambo hili linashangaza zaidi kwa kuwa linatokea Tanga. Kaskazini mwa mkoa, karibu na mpaka wa Kenya, liko Bonde la Umba, ambalo yakuti zake zimefahamika kwa wafanyabiashara wa vito duniani tangu miaka ya 1960. Yakuti za Umba si za bluu peke yake. Zipo za zambarau, za rangi ya chungwa, za kahawia iliyochanganyika na wekundu, na nyingine hubadilika rangi zinapotolewa juani na kuwekwa mbele ya taa. Kalalani, katika wilaya ya Korogwe, ni jina linalojulikana kwa ganeti na tomalini. Kwa hiyo mtu wa Tanga anayetupa jiwe bila kulitazama huenda anatupa kitu kilichochimbwa mwendo wa saa chache kutoka nyumbani kwake.

Ipo habari moja ya Umba ambayo kila dalali angepaswa kuikumbuka. Katika miaka ya 1960 wachimbaji walikuwa wakitafuta ganeti ya waridi iliyokolea zambarau, ile inayoitwa rodolaiti, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na wanunuzi. Katika mchanga huo huo walipata mawe mengine yenye rangi kati ya waridi na chungwa. Wanunuzi waliyakataa kwa kuwa hayakufanana na waliyoyataka, na inaelezwa kwamba kwa kukataliwa huko yakabandikwa jina la "malaya". Baadaye wataalamu walipoyapima waligundua kuwa ni ganeti ya aina yake, na wakusanyaji wa Marekani na Ulaya wakaanza kuitafuta. Jina halikubadilika. Hadi leo katika maduka ya vito ya nchi za mbali jiwe hilo linauzwa kwa neno hilo la Kiswahili, na wengi wanaolivaa hawajui maana yake, jambo ambalo pengine ni heri.

Mabizimu ya zamani yanayopatikana katika nyumba za pwani si ya namna moja. Yapo ya pauni, yaani sarafu ya dhahabu ya Uingereza iliyotiwa pini nyuma. Pauni moja kamili ina uzito wa karibu gramu 8 na ni dhahabu ya karati 22, hivyo kuipima ni rahisi. Ikiwa sarafu yenyewe imeshikwa kwa duara tu, bila kuchomelewa, mkusanyaji anaweza kuilipia zaidi ya uzito wake. Iliyochomelewa hubaki kuwa dhahabu tu. Yapo ya fedha, kazi ya masonara wa pwani, Zanzibar na Omani, ambao kwa miaka mingi waliyeyusha riali za Maria Theresa, sarafu yenye mwaka 1780 iliyozagaa katika bahari hii yote. Fedha yake ni sehemu 833 katika 1,000. Yapo yenye akiki, marijani au lulu. Na yapo ya Kizungu, yaliyoingia wakati Tanga ilipokuwa mji wa mkonge na walowezi wa mataifa mbalimbali, yakabadilishana mikono.

Katika hayo ya Kizungu, yale yenye sura ya mwanamke iliyochongwa, nyeupe juu ya rangi ya chungwa au kahawia, hudharauliwa kuliko yote. Watu hudhani ni plastiki. Mengi kweli ni plastiki, lakini ya asili yalichongwa kwenye gamba la kome, na mji wa Torre del Greco nchini Italia ndio uliojipatia sifa kwa kazi hiyo tangu karne ya 19. Sehemu ya makome yaliyochongwa huko ilitoka kwenye miamba ya Afrika Mashariki. Gamba halisi likiinuliwa kuelekea jua hupitisha mwanga, na mgongo wake huwa umepinda kidogo kama kome mwenyewe. Plastiki mara nyingi huwa bapa, na mistari ya sura yake ni laini kama ya sabuni iliyotumika.

Anayetaka kuchagua, iwe kwa kuuza au kwa kuweka akiba, aanzie nyuma ya kito. Mbele hupendeza hata kama ni bandia. Nyuma ndiko kwenye alama: 375 ni dhahabu ya karati 9, 585 ni ya 14, 750 ni ya 18 na 916 ni ya 22, wakati 925 ni fedha. Kukosa alama si ushahidi wa ubandia, kwa kuwa masonara wengi wa pwani hawakuwa wakigonga muhuri, lakini inamaanisha dhahabu hiyo ipimwe. Ndoana ya pini nayo husema umri. Ile ya kale ni kikulabu cha wazi kisicho na kufuli, na mara nyingi pini hutokeza nje ya ukingo wa kito. Kufuli dogo la kuzungusha ni mambo ya karne ya 20.

Lingine linalowachanganya wengi ni neno karati. Karati ya dhahabu ni kipimo cha usafi, na mwisho wake ni 24. Karati ya jiwe ni kipimo cha uzito, na karati 5 ni gramu 1. Mtu akiambiwa "hili ni karati mbili" aulize ni karati ya nini.

Kuhusu mawe yenyewe, ukweli usemwe: mengi yaliyomo katika mabizimu ya zamani ni kioo, na mengine ni ya kiwandani. Uzee wa kito hauthibitishi chochote. Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza mwaka 1902 njia yake ya kutengeneza rubi kwa moto, na baada ya hapo rubi za kiwandani zikaenea katika vito vya kila aina. Kwa hiyo bizimu lililovaliwa arusini mwaka 1930 linaweza kabisa kuwa na jiwe la kiwandani, na bibi alilinunua kwa nia njema. Kwa lupu inayokuza mara 10, jiwe la namna hiyo huweza kuonyesha viputo vya hewa au mistari iliyopinda kama ya sahani ya santuri. Mistari ya yakuti iliyotoka ardhini hunyooka au hukunjana kwa pembe.

Ujanja mwingine wa zamani ni jiwe la tabaka mbili, ambapo kipande chembamba cha ganeti kimeyeyushiwa juu ya kioo cha kijani au cha bluu. Jiwe kama hilo likilazwa kifudifudi juu ya karatasi nyeupe huonyesha duara jekundu pembeni. Jaribio hilo halina gharama, na linafaa kufanywa kabla ya kulipa hata shilingi. Jaribio la rangi nalo ni rahisi: jiwe litazamwe dirishani mchana, kisha mbele ya koroboi au mshumaa. Likibadilika wazi, lisiuzwe siku hiyo hiyo hata kama shida imebana. Yapo ya kiwandani yanayobadilika pia, lakini hilo ni la kuamuliwa na mwenye vyombo.

Kosa linaloua bei mara nyingi hufanywa na mwenye mali mwenyewe, kwa kusafisha. Majivu, dawa ya meno na siki huondoa rangi ya uzee ambayo mkusanyaji anailipia, na siki hula lulu, marijani na gamba. Mawe yenye kibati cha kung'arisha nyuma yakilowa huwa meusi moja kwa moja. Kitambaa laini kikavu kinatosha. Pini iliyovunjika nayo isibadilishwe kabla mnunuzi hajaiona.

Mfanyabiashara mdogo anayefikiria kuingia katika kazi hii ana mipaka ya kuangalia. Mawe ghafi hayanunuliwi wala kuuzwa bila leseni chini ya Sheria ya Madini, na asijifiche nyuma ya bizimu moja la zamani. Pembe ya ndovu na gamba la ng'amba, vitu vilivyotumika sana katika mapambo ya kale, visiguswe. Mauzo yake yatamfikisha mahakamani hata akisema ni urithi.

Kwa upande wa wanaohusika na biashara hii, kuna mambo ambayo hayahitaji fedha nyingi. Wakala wa Vipimo hukagua mizani ya masonara, na ni vyema mteja azoee kutafuta stika ya ukaguzi kama anavyoitazama kwenye mzani wa korosho. Risiti itaje uzito wa dhahabu, karati yake, na idadi ya mawe yaliyotolewa, na mawe hayo arudishiwe mwenyewe. Kituo cha Jemolojia Tanzania kilichoko Arusha kina utaalamu wa kutambua mawe na kinafundisha vijana kukata na kung'arisha. Lakini nauli ya Arusha na kurudi, kwa mama mwenye bizimu moja mfukoni, ni gharama isiyo na uhakika wa kulipa. Tangu mwaka 2019 Serikali imekuwa ikifungua masoko ya madini mikoani kwa ajili ya wachimbaji wadogo. Katika mkoa wenye Umba na Kalalani, siku moja kwa mwezi ambapo mtambuzi wa mawe anakaa mezani na kupima vito vya wananchi kwa ada ndogo ingewafaa mkulima, dalali na sonara mwenyewe, ambaye naye huuziwa bandia.

Kabla siku hiyo haijapangwa, mwenye kito anaweza kukipiga picha mbele na nyuma, akaonyesha kwa masonara watatu bila kumwambia yeyote bei aliyotajiwa na mwenzake, na kumwomba kila mmoja ataje bei mbili: ya kuyeyusha, na ya kito kikiwa kizima.