Goma: CD iliyotoka kwa MP3 inauzwa kama orijino, wakimbizi ndio wanalipa

Kwaya moja ya wakimbizi wa vita kutoka Masisi ililipa studio moja ya hapa mjini kidogo kidogo, kila mwimbaji akitoa franka alizopata kwa kubeba mizigo ao kuuza makala. Mwishoni walipewa CD moja yenye karatasi nzuri, picha ya waimbaji wote, na neno «orijino» limeandikwa kwa kalamu. Walipoipeleka redioni, fundi wa sauti alisikiliza wimbo wa kwanza hadi katikati, akausimamisha, akauliza: «Hii mumetolea wapi?»

Ilikuwa imetoka kwa MP3. Studio ilikuwa imefuta nyimbo zenyewe ili kupata nafasi kwenye kompyuta yake, ikabakiza zile faili ndogo za kutuma kwa simu. Kisha ikazichoma faili hizo kwenye CD na kudai bei ya kazi kamili. Waimbaji wanne kati ya wale waliorekodi hawako tena. Wengine walirudi Masisi, wengine walivuka mpaka, na aliyekuwa akianzisha nyimbo alikufa. Hakuna wa kuimba upya.

Jambo hili si la kwaya moja. Kuanzia Birere hadi Majengo, mwenye kompyuta na CD tupu anajiita studio, na kila CD inayotoka mikononi mwake inaitwa orijino. Ni uongo, na haufai kuitwa biashara.

Watu wa Masisi wanajua maziwa, basi wataelewa upesi. Ukiondoa mafuta kwenye maziwa, kisha ukaongeza maji mpaka ndoo ijae, ndoo ni ileile lakini mafuta hayakurudi. CD ya muziki hubeba sauti iliyopimwa mara 44 100 kila sekunde, na dakika moja inachukua karibu megabaiti 10. MP3 ya kilobiti 128, ile inayopatikana sana kwenye simu, inachukua karibu megabaiti moja tu kwa dakika. Sehemu kubwa imeachwa njiani: programu ilikadiria kwamba sikio halitaisikia, ikaitupa. Ukichoma MP3 hiyo kwenye CD, kompyuta inaikunjua mpaka ifike tena megabaiti 10 kwa dakika. Ndoo imejaa. Mafuta hayamo.

Wauzaji wanayo dalili yao ya kudanganyia. Wanatia CD kwenye kompyuta mbele ya mteja na kumwonyesha kwamba kila wimbo umeandikwa «cda», si «mp3», kisha wanasema: «Unaona? Ni orijino.» Mteja anaona maandishi, analipa. Lakini hiyo «cda» ni alama tu ya kuonyesha wimbo unaanzia wapi kwenye CD. Kila CD ya muziki inaonyesha hivyo kwenye Windows, hata ile iliyochomwa jana usiku kutoka kwa simu ya jirani. Haisemi chochote juu ya mahali sauti ilipotoka. Anayeitumia kama ushahidi, ao hajui kazi yake, ao anaijua vizuri sana.

Ukweli unatafutwa kwingine. Kwanza ni masikio, na nyimbo zetu zinasaidia kwa sababu zina makofi, kayamba na vigelegele. Hapo ndipo MP3 iliyobanwa sana inajisaliti. Makofi ya watu ishirini yanakuwa kama maji yanayomwagika, kayamba inakuwa kama karatasi inayokunjwa, herufi «s» ya mwimbaji inatoa mluzi. Ngoma ikipigwa peke yake baada ya kimya, unasikia kama kivuli cha sauti kinachotangulia pigo lenyewe. Usisikilize kwa spika ya simu. Tafuta visikilizio vizuri vya masikioni, na usiku, wakati jenereta za mtaa zimezimwa.

Pili ni macho. Programu ya Audacity ni ya bure, na inaweza kuchora picha ya sauti inayoitwa spektrogramu: sauti nene chini, sauti nyembamba juu. Nyimbo zitolewe kwanza kwenye CD na kuwekwa kwenye kompyuta kama faili za WAV. Hapa wengi wanakosea: wanaacha kompyuta izitoe kama MP3, kisha wanalaumu CD kwa kosa walilolifanya wenyewe. Ukifungua WAV hiyo na kuona kwamba rangi zote zinakatika kwenye mstari mmoja ulionyooka, karibu na kilohezi 16, wimbo wote tangu mwanzo hadi mwisho kana kwamba mtu amekata kwa panga, uliza maswali. Sauti iliyorekodiwa vizuri kwa maikrofoni haikatiki hivyo. Inapanda na kushuka, na kwenye makofi ao matoazi inaruka juu kupita hapo.

Haki inadai kusema pia kwamba mstari huo peke yake hautoshi kumwita mtu mwizi. Wimbo ulionaswa kutoka redio ya FM unaishia karibu na kilohezi 15, kwa sababu FM yenyewe haibebi zaidi. Kaseti ya zamani nayo inaweza kukosa sauti za juu. Na kinyume chake, MP3 ya kilobiti 320 inafika karibu na kilohezi 20, na hata fundi mzoefu anaweza kudanganyika nayo. Ndiyo maana macho na masikio yaende pamoja, na juu ya yote, mwenye studio aulizwe aonyeshe faili ya kwanza. Mwenye nayo haoni shida kuionyesha.

Kuna wanaojibu kwamba makelele haya ni ya bure. Wanasema mkimbizi anasikiliza kwa simu ndogo ao kwa redio ya mawe mawili, hataona tofauti. Jibu hilo lina dharau ndani yake: kwa kuwa mtu analala chini ya shiti, basi apewe chochote. Na hata kama fundi hodari, halina ukweli. CD hiyo haitabaki CD. Kijana ataitoa tena kama MP3, atamtumia dada yake Bukavu kwa WhatsApp, dada naye ataituma Uvira, na mtu wa Uvira ataichoma tena. Kila inapobanwa upya, programu inatupa tena kitu, na safari hii haina mafuta ya kutupa, inatupa maziwa yenyewe. Kadiri safari zinavyoongezeka, sauti inazidi kuharibika. Aliyeanza na WAV anaweza kurudi kwenye WAV. Aliyeanza na MP3 hana pa kurudi.

Wenye MP3 tu, na hawana kingine, hawana kosa lolote. Familia nyingi zilikimbia na simu moja mfukoni, na wimbo wa harusi ao wa matanga uliomo humo ni mali kubwa. Uhifadhiwe hivyo ulivyo, unakiliwe kama faili bila kubanwa tena. Kosa ni la yule aliyekuwa na sauti kamili mikononi, akaitupa, kisha akauza mabaki kwa jina la kitu kizima.

Redio nazo hazijaosha mikono. Vituo vingi vinapokea CD ya kwaya, vinaiweka kwenye kompyuta kama MP3 na kuirudisha CD kwa mwenyewe. Vikifanya hivyo, vinakuwa studio nyingine ileile. Diski ya nje ya terabaiti moja inabeba zaidi ya saa 1 500 za muziki kamili. Kituo kinachosema hakina nafasi kihesabu tena.

Kwaya inayokwenda studio wiki hii iulize kabla ya kutoa hata franka moja: faili za WAV zitakuwa za nani, na zitafutwa lini? Ije na flashi yake tupu ya gigabaiti 16, ambayo inatosha albamu nzima na nafasi inabaki. Salio la malipo litolewe siku flashi inaporudi imejaa, baada ya mtu wa kwaya kuona mwenyewe kwamba wimbo wa dakika tano una megabaiti 50. Uzito huo peke yake hauthibitishi kitu, kwa sababu MP3 iliyokunjuliwa nayo inafika hapo. Basi afungue spektrogramu palepale, mwenye studio akiwa amesimama kando.